Gari la viti viwili, nyumba ya watu watano

KATIKA ua wa nyumba yangu hapa Nakuru kuna kitu kirefu kilichofunikwa turubali la kijani. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza huuliza kama ni mashua. Majirani hawaulizi tena. Wanajua kwamba chini ya turubali hilo mna Datsun 240Z, na wanajua pia kwamba atakayeuliza habari zake haondoki kabla ya saa nzima kwisha.

Sasa, msomaji mpendwa, mwezi uliopita broka mmoja alibisha langoni. Alikuja na suti, simu mbili na habari kwamba ana mteja ng'ambo anayelitaka gari hilo jinsi lilivyo, kutu na yote. Akanieleza kwamba mwaka 2020 huko Marekani, 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Hilo ni kweli, lakini gari lile lilikuwa limetunzwa kama yai, na langu lina tundu sakafuni ambalo nimeliziba kwa kipande cha bati. Hata hivyo bei aliyoitaja haikuwa ya mzaha. Sitaitaja hapa, maana watoto wa jirani nao husoma ukurasa huu.

Nilimwomba wiki tatu za kufikiri. Leo nataka kuwasimulia nilivyozitumia wiki hizo, kwa sababu najua wengi wenu mna kitu chenu chini ya turubali. Pengine si gari la mbio. Pengine ni Peugeot 504 ya marehemu baba, au pikipiki iliyokuchukua ulipokuwa ukichumbia. Swali ni lile lile.

Kwanza nieleze ugonjwa huu ulivyonianza. Nilizaliwa mwaka 1963. Katika utoto wangu Pasaka ilikuwa na mambo mawili: kanisa na Safari Rally. Tulisimama kando ya barabara za vumbi tangu alfajiri, wengine wamepanda miti, tukingojea mlio. Gari lilipita kwa muda wa kupepesa jicho, nasi tukarudi nyumbani wekundu kwa vumbi, tukibishana tulichokiona.

Datsun 240Z ndilo lililonishika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hilo. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta pamoja na Lofty Drews, tena baada ya kulingana adhabu na Harry Källström wa Uswidi, ikabidi kanuni ya kutenganisha itumike. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda aliyehamia kwetu, na baadaye akashinda mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, kwa Datsun ya aina nyingine. Nilikuwa na miaka 10 alipopata ushindi ule wa kwanza. Nilimwambia mama kwamba nikikua nitanunua gari kama lile. Mama akaniambia nikachote maji.

Nililipata mwaka 1996, kutoka kwa mzee mmoja mkulima upande wa Njoro. Wakati huo magari kutoka Japani na Dubai yalikuwa yamejaa mjini, na hakuna aliyetaka gari kuukuu linalokunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Mzee alifurahi kuona mtu anayelijua jina lake. Nikalilipa kwa mafungu matatu.

Kwa wasiolijua, ni gari la boneti ndefu na mgongo mfupi, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kuelekea juu. Injini yake ni ya lita 2.4, silinda sita mstari mmoja, kabureta mbili. Usukani hauna msaada wowote ila mikono yako. Viti ni viwili tu. Kumbukeni hilo la viti, maana nitalirudia.

Nilipoanza kutafakari neno la broka, nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka yote hiyo. Nilichukua daftari la risiti nikajumlisha. Mwaka jana nilitumia shilingi 214,000: bima, mipira ya milango iliyoagizwa kutoka nje, ukarabati wa kabureta, fundi wa kuchomelea, na tairi nne za inchi 14 zilizosakwa kama dawa. Kisha nikatazama mita. Gari lilikuwa limetembea kilomita 380. Nikagawanya, nikapata zaidi ya shilingi 560 kwa kila kilomita moja. Kwa hesabu hiyo, safari ya Nakuru hadi Nairobi, kilomita 160 hivi, ingenigharimu karibu shilingi 90,000. Kwenda tu, bila kurudi.

Sikusema kitu. Nililifunga daftari nikaliweka chini ya godoro kama barua ya mapenzi.

Na si pesa tu. Gari linalolala huzeeka upesi kuliko linalotembea. Petroli huharibika tangini ikaacha utando ndani ya kabureta. Breki hushikana. Panya huingia wakatafuna nyaya. Kwa 240Z, kutu hupenda kuanzia chini ya betri, sakafuni, na nyuma ya milango mbele ya magurudumu ya nyuma, mahali ambapo rangi hubaki imesimama vizuri huku chuma kikiliwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila mwaka nilikuwa nikijiambia kwamba namtunzia mtu gari hili, na kila mwaka nilikuwa nikilipunguza.

Namtunzia nani? Jibu langu lilikuwa tayari siku zote. Nilisema ni la mwanangu wa kiume. Nilisema hivyo harusini, matangani, na kwa fundi. Na mtu aliponiuliza kwa nini basi nafikiria kuliuza, nilikuwa na jibu jingine tayari: mama watoto anataka nyumba ya shambani ikamilike. Kuta za nyumba hiyo zilifika linta mwaka 2021, na hadi leo hazijaona bati.

Basi nikaona niwaulize wenyewe. Nilianza na kijana, anayefanya kazi Mombasa. Nikampigia simu Jumamosi jioni.

“Baba,” akaniambia, “naishi ghorofa ya nne na sina hata pa kuegesha baiskeli. Nikilileta huku, chumvi ya bahari italimaliza mwaka mmoja.”

“Lakini ulikuwa ukilipenda.”

“Nilikuwa nalipenda kwa sababu wewe ulilipenda. Hukuwahi kuniuliza kama nalitaka.”

Sikuwahi kweli. Kwa takriban miaka 30 nilikuwa nimemwekea mtoto mzigo kichwani, nikauita urithi.

Jioni hiyo hiyo nikamwendea mama watoto jikoni. Nilikuwa nimejitayarisha kwa vita. Nikamwambia, “Nimeamua kufikiria kuuza gari, ili upate nyumba yako.”

Aliweka mwiko chini. “Baba Watoto, ni lini nilikwambia uuze gari?”

“Kila siku unalalamikia nyumba.”

“Nalalamikia nyumba kwa sababu haina paa. Habari ya gari unaileta wewe. Ukitaka kuuza, uza. Lakini usije ukakaa kwenye baraza ile ukitazama mbali, kisha wageni wakiuliza useme mke wangu alinifanya niuze. Jina langu litoe.”

Akaendelea kupika. Mimi nikabaki nimesimama pale na mikono yangu mitupu. Visingizio viwili nilivyovitegemea vilikuwa vimeniponyoka siku moja.

Aliyebaki ni binti yangu mkubwa, mwalimu huko Nyahururu. Alikuja Jumapili iliyofuata na watoto wake. Tuliliondoa turubali, wajukuu wakapanda wakashuka, wakabonyeza honi. Nikamuuliza yeye ana maoni gani. Nilidhani atasema nisiuze, maana huyu ndiye aliyekuwa akikimbilia langoni kila Jumapili nilipoliwasha.

“Nilikuwa nalichukia gari hili,” akasema.

Alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Akanikumbusha desturi yetu. Kila Jumapili baada ya kanisa nilimchukua mtoto mmoja, tukaenda hadi Elementaita au Menengai, tukanunua soda, tukarudi. Watoto ni watatu na kiti ni kimoja. Kwa hiyo kila Jumapili wawili walibaki langoni.

“Wewe unakumbuka aliyekuwa ndani,” akasema. “Mimi nakumbuka kuhesabu. Jumapili mbili nje, moja ndani. Na ukisafiri Jumapili yangu, zamu inaruka, hakuna anayenirudishia.”

Sikujua. Mimi nilikuwa nikiziona Jumapili zile kuwa ndizo kazi yangu bora kama baba.

Kitinda mimba, ambaye alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha abiria akisikiliza, akaingilia kati. “Dada, mimi nakumbuka vingine. Nyumbani tulikuwa tunagombania kuongea. Mle ndani nilikuwa naye peke yangu saa nzima. Nilimwambia habari ya kufeli hesabu tukiwa Elementaita, kwa sababu hangeweza kunichapa huku anaendesha.”

Tulicheka sote, hata yule mkubwa. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifungua macho. “Sawa. Hata mimi zamu yangu ilipofika sikutaka iishe. Lakini Baba, zamu zilikwisha zamani. Sasa unamngojea nani kwenye kile kiti?”

Msomaji mpendwa, sina jibu la swali hilo hadi leo. Mama watoto mwenyewe aliacha kupanda gari lile zamani, tangu siku tuliyokwenda arusini Naivasha akafika na gauni jipya linalonuka moshi. Ni tabia ya magari hayo: mpira wa mlango wa nyuma ukichakaa, moshi wa ekzosi huvutwa ndani. Nilibadilisha mpira. Gauni halikusahau.

Usiku ule nilikaa peke yangu ndani ya gari, turubali likiwa limetolewa, taa zikiwa zimezimwa. Nikajiuliza upya, mara hii bila kutaja mtoto wala mke. Je, mimi nalitaka? Nikaona kwamba ninachokitaka ni miaka 33 niliyokuwa nayo nilipolinunua, na watoto wanaotosha kiti kimoja. Hicho fundi hana spea zake.

Nikaamua kuuza. Niliamua mimi. Nasema hivi mbele yenu nyote ili mama watoto aweze kukata ukurasa huu na kuuweka.

Lakini kuamua kuuza si kumaliza. Bado kuna swali la kumuuzia nani. Broka alitaka kulisafirisha nje. Kwa sheria zetu, gari lililotumika likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huwa haliruhusiwi kuingizwa nchini kwa biashara ya kawaida. Kwa hiyo Datsun ya zamani ikitoka, si rahisi nyingine ije kujaza pengo lake. Upande wa pili, yule fundi wangu wa kuchomelea aliniletea kijana mwenye karakana ndogo hapa hapa mjini. Kijana huyo alilala chini ya gari na tochi kwa dakika 40, akatoka amejaa vumbi, akanitajia kila tundu, hata yale niliyodhani nimeyaficha. Hakusifu kitu. Alilinganisha nambari ya chasi, ile inayoanza na HS30 kwa magari ya usukani wa kulia, na ile ya kwenye kitabu cha gari. Kisha akataja bei yake. Ilikuwa pungufu ya ile ya broka kwa shilingi 200,000.

Nilimrudia mama watoto, maana sasa ilikuwa pesa ya paa. “Tofauti hiyo ni mabati ya upande mzima,” akasema. “Wewe unataka kumpa kijana mabati yangu kwa sababu alilala chini ya gari?”

Nikaenda kulitoa daftari chini ya godoro. Nikamwonyesha zile 214,000 za mwaka jana. Nikamwambia kwamba gari likiondoka, pesa hizo nazo zitaacha kuondoka, na kwamba mwaka huu zote zitakwenda kwenye mabati. Alizitazama hesabu zile kwa muda mrefu. Hakuwahi kuziona. Nilitazamia ukali.

“Laki mbili,” akasema, “na bado ulikuwa unaniambia tairi za gari la kawaida zingoje.” Halafu akalifunga daftari akabaki nalo. Liko kwake hadi sasa, na mabati ya mwezi huu yamekwisha kununuliwa.

Kabla sijaaga, niwaachie machache niliyojifunza, kwa yeyote mwenye turubali uani.

Mosi, jumlisha risiti za miezi 12 na ugawanye kwa kilomita ulizotembea. Usiogope jibu. Ukiona bei hiyo bado ni halali kwa furaha unayoipata, weka gari lako na usimsikilize mtu. Kuna watu hutumia zaidi ya hapo kwenye baa na hawabaki hata na kiti. Lakini kama unalipa bila kuendesha, ujue gari lako limekwisha anza kuuzwa, na mnunuzi ni kutu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, ukisema unamwekea mtoto, muulize mtoto. Ukisema unauza kwa ajili ya mke, muulize mke. Pengine watakushangaza.

Tatu, usipake rangi mpya kabla ya kuuza. Mnunuzi anayejua gari hushuku rangi mpya kuliko kutu ya zamani. Mwonyeshe matundu wewe mwenyewe, mpe risiti zote na hata vile vyuma vya zamani ulivyovihifadhi ndani ya mkebe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kama hujui thamani, mlipe mthamini kwanza. Usitegemee bei ya mnada wa Marekani wala ya broka mwenye simu mbili.

Nne, usikabidhi ufunguo kwa ahadi. Siku hizi umiliki huhamishwa mtandaoni kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Hakikisha pesa imeingia benki na jina limebadilishwa. Gari likifanya maovu likiwa bado kwa jina lako, polisi watakuja kwako, si kwa aliyelinunua.

Tano, na hili ndilo nililolifanya mwisho, lisindikize. Kabla ya kukabidhi, nilitafuta siku tatu, nikamchukua kila mtoto safari yake. Kijana alikuja kutoka Mombasa kwa gari moshi hadi Nairobi, kisha akapanda matatu. Nilimpa usukani, akalizima mara tatu kabla hatujatoka langoni. Kitinda mimba tulikwenda Elementaita. Yule mkubwa nilimwambia kwamba zamu yake ni mbili, maana nina deni. Alikataa ya pili. Aliniambia nimpe mwanawe wa kwanza.

Mama watoto nilimwuliza siku ya mwisho. Akatoka amevaa gauni la zamani. “Hili hata likinuka si kitu,” akasema. Tulikwenda hadi Njoro, tukapita lango la shamba ambapo nililinunua. Yule mzee amekwisha fariki na miti imekatwa. Tulinunua viazi barabarani tukaviweka nyuma, chini ya mlango wa glasi. Tukarudi polepole, madirisha wazi.

Jumatatu kijana wa karakana akalichukua. Aliniahidi kwamba nikisikia mlio wake mjini, nisimame barabarani akanichukue. Uani sasa kuna mstatili wa majani yaliyokauka, na wajukuu wameugeuza uwanja wa mpira.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.